Maswali ya Wasomaji: Mumewe Amemvunja Mkono, Ukoo Unataka Yaishe Nyumbani

SWALI: Mwanasheria wetu, shikamoo. Ninaishi mkoani Mwanza. Wiki iliyopita mdogo wangu wa kike alipigwa na mumewe hadi akavunjika mkono. Alipofika zahanati alitakiwa kuleta PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na alipokwenda kituoni askari wa zamu akamwambia kwamba mambo ya mke na mume huzungumzwa nyumbani. Sasa baba zetu wadogo wameitisha kikao, shemeji ameahidi kutoa mbuzi na kulipia matibabu, na mdogo wangu anaambiwa kwamba akirudi polisi atakuwa ameivunja ndoa yake mwenyewe. Hana kipato na hawezi kumlipa wakili. Je, amechelewa?

JIBU: Marahaba. Mpe pole sana mdogo wako, na umwambie kwamba hajachelewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, kwa hiyo alichotendewa ni kosa la jinai kama ambavyo kingekuwa kosa endapo angepigwa na mtu baki barabarani.

Arudi kituoni, safari hii akiwa pamoja nawe, na aombe kupelekwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo liliwekwa ili mtu aliyefanyiwa ukatili aeleze yaliyompata faraghani badala ya kuyasimulia kaunta mbele ya kila anayepita. Maelezo yake yakishaandikwa, asomewe kabla ya kutia saini, na palipokosewa aseme parekebishwe, kwa sababu maneno hayo ndiyo atakayoulizwa mahakamani miezi kadhaa baadaye. Asiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha kituo, na fomu ya PF3, ambazo hazilipiwi. Akikataliwa tena, aombe kumwona mkuu wa kituo, na ikishindikana aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya.

PF3 ina sehemu inayojazwa na polisi na sehemu ya daktari, na hii ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa. Daktari huandika jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limekaa kwa muda gani na huenda limesababishwa na kitu cha namna gani. Mfupa uliovunjika bado utaonekana kwenye eksirei, lakini michubuko hufifia upesi, kwa hiyo kama mlipiga picha kwa simu siku ile, zitunzeni zikiwa na tarehe zake. Mwombeni daktari aandike jina lake lisomeke vizuri, maana mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari huyo aitwe mahakamani, na mashauri huyumba pale ambapo hakuna anayejua aliyeijaza fomu ni nani. (Kwa wasomaji wengine: majeruhi akiwa na hali mbaya, awahishwe hospitali kwanza, na ndugu mwingine afuatilie fomu polisi.)

Kuhusu kikao, nawaheshimu wazee wenu, lakini hawana mamlaka ya kulimaliza kosa hili. Kesi ya jinai hufunguliwa na Jamhuri, yaani serikali, na mdogo wako huwa shahidi wake. Ndiyo maana hahitaji kumlipa wakili ili mumewe ashtakiwe. Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio dogo lisilo na madhara makubwa. Kumdhuru mtu vibaya mwilini ni jambo jingine kabisa, kwani adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7, na mahakama inaweza pia kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia. Mbuzi wa ukoo hamlindi mtu asipigwe tena mwezi ujao, na linaniuma kila ninapoona mwanamke akirudishwa katika nyumba ileile kwa ahadi za mdomo.

Kuhusu mahali pa kukaa na watu wa kumshika mkono, amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, anayeweza kumpatia ushauri nasaha na kumuunganisha na nyumba salama iliyopo. Shirika la Kivulini lina makao yake hapohapo Mwanza na limefanya kazi na wanawake wa hali yake kwa miaka mingi. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao watamsaidia bila malipo hasa akiamua kudai talaka, matunzo au malezi ya watoto. Nakala ya PF3 itamfaa huko pia, kwa kuwa ukatili ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama huyatazama inapoamua kama ndoa imevunjika.

SWALI: Ninahisi mtoto wa jirani anaingiliwa na ndugu anayeishi naye. Mimi si mzazi wake. Je, ninaweza kutoa taarifa?

JIBU: Unaweza, na tafadhali fanya hivyo leo. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda kwenye dawati la polisi. Usimhoji mtoto mwenyewe wala kumtahadharisha mtuhumiwa. Kama tukio ni la karibuni, mwambie polisi au afisa ustawi wa jamii kwamba mtoto afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazitolewi baada ya hapo, na asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari.