Itastahili au itakuwa imestahili: tuseme vipi kwa Kiingereza?

Swali la juma lililopita lilitoka kwa mzazi wa Kisumu anayetaka kumwandikia bintiye, mwanafunzi wa uuguzi, barua ya kumtia moyo. Aliuliza ni kauli ipi iliyo sahihi kati ya "It will be worth it" na "It will have been worth it", iwapo mtu anakusudia kusema kwamba taabu ya leo itakuja kuonekana kuwa ilikuwa na maana. Kazi yangu ya kila siku hapa Nakuru ni kuwaandikia na kuwasahihishia watu barua za Kiingereza za kuomba kazi, basari na mikopo, na nijuavyo mimi kauli zote mbili ni sahihi, ila wanaozisema hawasimami mahali pamoja.

Anayesema "will be" husimama hapa alipo leo akatazama mbele. Anayesema "will have been" hujitanguliza mpaka siku ambayo kazi imekwisha, halafu akageuka kutazama alikotoka. Chukua mfano wa watu wanaopanda Menengai kwa miguu, mlima ambao kilele chake kina mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Kabla hawajaondoka, anayewaongoza akiwaambia "The climb will be worth it", anatabiri tu, na hakuna anayeweza kumkosoa wala kumthibitisha. Wakifika katikati ya njia, ukungu ukaanza kuachana na ukingo wa kreta ukachungulia, ana haki ya kusema "This is going to be worth it", kwa sababu "going to" huwafaa zaidi Waingereza pale ambapo dalili ya jambo imekwisha kuonekana. Na akitaka kumtuliza yule anayelalamikia magoti, atamwambia "Once you see the crater, the pain will have been worth it". Hapo hukumu haitolewi tena na mtu aliye chini ya mlima, bali na mtu aliyekwisha kufika juu, ambaye maumivu yake yamekuwa jambo lililopita.

Sisi nasi tunaweza kusema "itakuwa imestahili", kwa kuwa Kiswahili kinaruhusu kuunganisha "itakuwa" na hali timilifu, lakini ni wachache wanaozungumza hivyo. Tunapomhimiza mtu tunamwambia hatajuta, au jasho lake halitapotea bure, au atakuja kutushukuru. Kiingereza nacho kina njia hizo za pembeni, na mara nyingi ndizo zinazosikika tamu zaidi kuliko kauli mbili za mzazi wetu: "You won't regret it", "It will pay off", "You'll be glad you came". Hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini, maana neno "came" liko katika wakati uliopita ilhali anayealikwa huenda bado yuko nyumbani kwake akivaa viatu. Msemaji amemchukua msikilizaji wake mpaka siku ya furaha, na ukiwa katika siku hiyo, kule kuja kumekwisha kupita. Kwa hakika ni hesabu ileile ya "will have been", isipokuwa imefanywa kwa maneno mepesi. (Kwa wanaopenda asili ya maneno: "will" ya Kiingereza ilitokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kutaka, na "-ta-" yetu vilevile imetokana na "taka", ambayo bado inaonekana wazi tunaposema "atakayekuja".)

Sababu inayonifanya nisiipendekeze "will have been" kwa kila mtu ni kwamba haitulii peke yake. Inahitaji kuegemezwa kwenye siku au sharti fulani, yaani maneno kama "by December", "once you finish" au "if even one of you passes". Ikiachwa bila egemeo, msomaji anaweza kuielewa vingine kabisa, kwa kuwa Kiingereza hutumia umbo hilohilo kukisia mambo yaliyokwisha kutokea: mtu akisema "They will have arrived by now", hazungumzii wakati ujao hata kidogo, anakisia kwamba wageni wamekwisha kufika. Kwa hiyo "The journey will have been worth it", ikiandikwa hivyo tu, inaweza kusomeka kana kwamba mwandishi anadhani safari fulani ya juzi ilikuwa na faida. Hatari kubwa zaidi ni kuiteleza ikawa "would have been worth it", kwa maana hiyo humwambia msomaji kwamba jambo lenyewe halikufanyika, na pengine halitafanyika tena.

Makosa ninayokutana nayo zaidi, hata hivyo, hayahusu wakati bali neno "worth" lenyewe. Kwa kuwa "kustahili" na "kufaa" kwetu ni vitenzi, wengi huandika "It will worth it", wakidhani "worth" nalo ni kitenzi. Wanasarufi wa Kiingereza hubishana kama neno hilo ni kivumishi au kihusishi, lakini hakuna anayeliita kitenzi katika matumizi haya, hivyo "be" haiwezi kuachwa. Vilevile neno hilo halikubali kukaa bila kitu mbele yake: huwa "worth it", au "worth the wait", au "worth waiting for", wala si "worth to wait". Anayetaka neno linalosimama lenyewe atumie "worthwhile".

Jambo hubadilika pale ambapo mtu anajisemea yeye mwenyewe. Mwanafunzi anayeomba basari akiandika "I will be worth it", anasikika kama mtu anayejipigia bei, ilhali alichokusudia ni kwamba hatawaangusha waliomwamini. Mimi humwandikia "I will prove worthy of your support", ambayo ni ahadi ya mwenendo. Wakati mmoja kijana kutoka Njoro aliniletea barua ya kuomba kazi katika ofisi fulani, ameiandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na sentensi yake ya mwisho, aliyoipigia mstari, ilisema: "If you employ me, I will make it worth your while." Alimaanisha kwamba hawatajuta kumwajiri. Nilimweleza kwamba kauli hiyo kwa kawaida humaanisha "nitakulipa ukinifanyia hili", na kwamba hutumiwa sana na mtu anayedokeza kutoa chai bila kuitaja, jambo ambalo mkuu wa ofisi angelielewa upesi kuliko lile lililokusudiwa. Alicheka, kisha akaichukua kalamu akaifuta sentensi yote mpaka karatasi ikatoboka. Tuliweka "You will not regret employing me", sentensi ya kawaida kabisa ambayo haina njia mbili za kueleweka.

Sasa nirudi kwa mzazi mwenye swali. Ikiwa bintiye ndiyo kwanza ameanza masomo, "It will be hard, but it will be worth it" inatosha, kwa sababu sehemu kubwa ya taabu bado iko mbele na hakuna cha kugeukia nyuma. Ikiwa amebakiza muhula mmoja au miwili, basi "will have been" ndiyo itakayomgusa, kwa kuwa inazitambua taabu alizokwisha kuzipitia: "When you graduate, every night on the ward will have been worth it." Aangalie tu asiandike "when you will graduate". Sisi husema "utakapohitimu" na kuutia wakati ujao ndani ya neno lenyewe, lakini Kiingereza baada ya "when" ya namna hii huacha kitenzi katika wakati uliopo, na wakati ujao ukabebwa na kishazi kikuu peke yake.

Ningemsihi pia asiandike "worth the fees" wala "worth the money", hata kama karo imeuza ng'ombe. Sarufi yake haina kasoro, lakini barua itageuka kuwa hati ya deni mikononi mwa msichana ambaye bado ana mitihani. Kama anataka ajihusishe na yeye mwenyewe, aongeze maneno mawili tu mwishoni, "to us", ili bintiye ajue kwamba kwa wazazi wake hesabu hiyo imekwisha kukubalika, hata kabla matokeo hayajatoka.