Managu si dawa, ni mboga

Shangazi, mume wangu asema asipokula ugali hajala, eti ndicho chakula cha mababu. Nimechoka kusonga kila usiku. (Umoja)

Mababu gani hao? Mahindi asili yake ni bara la Amerika. Wareno waliyaleta pwani, na huku bara yalikaa miaka mingi bila kutawala chungu cha mtu. Watu walikula wimbi, mtama, mawele, nduma, viazi vikuu. Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa Carrier Corps ambao soko la Kariokor lina jina lao, walilishwa posho ya unga wa mahindi. Mashamba ya walowezi nayo yakawapimia vibarua posho hiyo hiyo. Ilipotoka mbegu chotara ya Kitale mwaka 1964, wimbi likasukumwa pembeni ya shamba. Kwa hiyo huo ugali mweupe anaouapia mumeo hauna umri mkubwa. Mwambie polepole, akishashiba.

Nyanya yangu kule Kakamega alisonga ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Sisi wajukuu wa Nairobi tuliuita ugali wa udongo, tukalilia mweupe. Alinyamaza tu, akamega tonge, akachovya. Leo unga ule ule nauona dukani kwa bei inayoshinda ya sembe, umeandikwa kwamba unawafaa wenye sukari. Hapo ndipo ninapokasirika. Tulikifukuza chakula mezani tukakiita cha kimaskini, sasa tunakirudisha kwa mlango wa duka la dawa.

Na kuhusu kuchoka, mwiko uko hapo jikoni na bwana ana mikono miwili.

Nichanganye nafaka ngapi kwenye uji wa mtoto? Mwenye posho mill ana mchanganyiko wa aina kumi na tatu, hadi omena na soya. (Githurai, Kawangware, Kayole, na wengine ambao hawasomi majibu)

Mbili. Wimbi na mtama, basi. Omena ina mafuta, na unga wake huchacha upesi. Mtoto akiukataa mnasema hana hamu ya kula. Maharagwe na soya vinataka kukaa motoni kuliko uji unavyokaa. Njugu karanga nazo, ulizichambua mwenyewe au uliziona tu zikiingia kinuni? Ukungu ukishasagwa hauonekani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 upande wa mashariki, wengi wao Makueni na Kitui, na hayo yalikuwa mahindi ya nyumbani, si ya mgeni. Mpe mtoto uji kwa kikombe, omena kwa sahani.

Mama mkwe anataka mtoto wa miezi mitatu aanze uji.

Hapana. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Na umwambie anayebaki na mtoto ukienda kazini, maana uji huo hukorogwa ukishapanda matatu.

Watoto wangu hawataki managu, wanasema ni machungu. Nifanyeje? (Donholm)

Ni machungu kweli, hawadanganyi. Wewe unayachemsha, unayakaanga kwa kitunguu, unawaletea mezani ukisema "kuleni, yanaongeza damu". Mtoto gani anapenda dawa?

Chambua majani, toa vile vitunda vya kijani. Chemsha yalainike, mwaga maji, tia kikombe cha maziwa, acha motoni kwa moto mdogo. Yakipoa, weka kwenye friji hadi kesho jioni. Nyanya hakuwa na friji. Aliyapasha jioni, akayapasha tena asubuhi, kila mara akiongeza maziwa, na siku ya pili uchungu ulikuwa umekwisha, rojo imekuwa nzito ya kuchovya. Ukiwa na haraka, changanya nusu kwa nusu na terere au kunde. Anza na kijiko kimoja kando ya sukuma waliyoizoea.

Na muulize mama mboga shamba liko wapi. Kuna mboga hapa mjini zinazomwagiliwa maji taka kando ya mto, na ndizo zinazonawiri kuliko zote.

Je, ni vibaya familia kula ikitazama runinga?

Kwani nyinyi mnatazamana saa ngapi?

Napenda githeri lakini inamaliza gesi. (Pipeline)

Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, ndipo uchemshe. Au fanya kama jirani zako: nunua iliyochemshwa kwa mama mwenye sufuria ya makaa, anapima kwa kikombe, wewe unakaanga tu. Onja punje moja kwanza. Ikiteleza na kuwa na ladha ya sabuni, ametia magadi mengi. Nenda kwa yule wa plot inayofuata.