Kampuni ya mawakili yenye wateja wengi hufilisikaje?

SWALI: Mimi ni mhasibu. Nimesoma kwamba Dewey & LeBoeuf ya New York iliingia mahakama ya ufilisi Mei 2012, ilhali miaka michache nyuma ilikuwa na mawakili zaidi ya 1,000. Wateja walikuwepo, kazi ilikuwepo. Sasa ilikufaje?

JIBU: Anza na mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, ndugu mhasibu. Humo utakuta ankara ambazo hazijalipwa, kazi iliyofanyika lakini haijatozwa, samani, na mkataba wa pango wa miaka mingi. Chenye thamani kuliko vyote, yaani uhusiano wa wabia (mawakili wanaoimiliki kampuni) na wateja wao, hakimo. Tena kanuni za maadili ya uwakili Marekani haziruhusu kampuni kumfunga mbia kwa mkataba asihamie kwa mshindani, kwa kuwa mteja ana haki ya kumchagua wakili amtakaye.

Halafu tazama faida inakokwenda. Kampuni nyingi za aina hii huwagawia wabia karibu faida yote kila mwaka. Mtaji wa kutoka nje nao ni mgumu: karibu majimbo yote hukataza asiye wakili kuwa na hisa humo (Uingereza ililegeza kwa sheria ya 2007, Arizona mwaka 2021). Fedha zikipungua, milango ni miwili tu: mifuko ya wabia, au mkopo.

Dewey & LeBoeuf ilizaliwa 2007 kwa muungano wa kampuni mbili, mwaka mmoja kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008. Ili kuvuta wabia nyota na kuwabakiza waliokuwepo, uongozi uliwaahidi wengi wao malipo maalumu, faida iwepo isiwepo. Kwangu mimi, hilo ndilo kosa kuu. Mgao wa mbia ni kile kinachobaki baada ya gharama zote. Ukimwahidi kiasi kamili mapema, mgao umeugeuza deni. Faida haikutosha, ahadi zikasogezwa mbele, na 2010 kampuni ikauza hati fungani, yaani ikakopa kwa wawekezaji. Asiye na ahadi akajiona anachuma ili alipwe mwenzake.

Akaondoka mmoja na wateja wake. Pango na mikopo vikabaki kuwalemea wachache zaidi, mgao wao ukapungua, na wa pili naye akawa na sababu ya kutoka kabla mtaji wake haujazama. Mapema 2012 walikuwa wakiondoka kwa makundi. Kwa hiyo wateja na kazi unazozitaja hazikupotea. Zilihamia kampuni nyingine pamoja na mawakili wao. Wabia wa zamani baadaye walikubali kurejesha takriban dola milioni 71 ili wasishtakiwe kwa madai. Walioumia bila kinga ni makatibu na makarani, maana wao hawakuwa na wateja wa kuhama nao.

Ukiwahi kukagua kampuni ya namna hii, usidanganyike na faida kwa kila mbia, takwimu ambayo jarida la The American Lawyer limeifanya maarufu tangu miaka ya 1980. Takwimu hiyo hupanda hata mapato yasipoongezeka, wabia wenye hisa wakipunguzwa tu. Uliza ankara hukaa siku ngapi bila kulipwa, deni ni kubwa kiasi gani mbele ya mtaji wa wabia, na nani ameondoka mwaka huu na wateja gani. Kisha omba mikataba ya malipo ya wabia, mmoja mmoja, kwa sababu ahadi za aina ile hazitajitokeza kwenye hesabu za mapato.