Maswali na Majibu: Henry Tudor alivyokitwaa kiti cha Uingereza, na alivyokishikilia

Maswali ya safari hii yanamhusu Henry Tudor, aliyetwaa taji la Uingereza mwaka 1485 na kuanzisha ukoo uliotawala hadi 1603. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Alikuwa na haki gani ya ufalme? Babu yake si alikuwa Mwelshi wa kawaida tu?

Kwa upande wa baba hakuwa na haki yoyote. Babu yake, Owen Tudor, alikuwa mtumishi katika nyumba ya Catherine wa Valois, mjane wa Henry V, akamwoa kwa siri. Wana wao Edmund na Jasper wakawa ndugu wa mama mmoja na mfalme Henry VI, naye akawapa vyeo vya Earl mwaka 1452. Damu ya kifalme wanayo, lakini ni ya Ufaransa.

Haki, kama tukubali kuiita hivyo, ilitoka kwa mama yake, Margaret Beaufort. Ukoo wa Beaufort ni kizazi cha John of Gaunt, mwana wa Edward III, na hawara wake Katherine Swynford. Walizaa watoto wanne nje ya ndoa, wakaoana mwaka 1396, na mwaka uliofuata Bunge likawahalalisha watoto. Mwaka 1407 Henry IV, kaka yao kwa baba, akapachika maneno kwenye hati: haki zote wanazo, isipokuwa ufalme. Nyongeza hiyo haikupitia Bungeni, kwa hiyo wanasheria walikuwa na la kubishania.

Kuna jambo watu wengi hulipita. Hata ukiikubali haki ya Beaufort, mwenye nayo alikuwa Margaret mwenyewe, ambaye alikuwa hai mwaka 1485 na akaishi kumzika mwanawe. Hakuna aliyetamka kwamba yeye ndiye avikwe taji.

Kama haki ilikuwa nyembamba hivyo, watu walimfuata kwa nini?

Kwa sababu wengine wa ukoo wa Lancaster, ukoo wa Henry VI, walikuwa wamekwisha. Tarehe 4 Mei 1471 mwana pekee wa Henry VI aliuawa vitani Tewkesbury, na baada ya siku 17 Henry VI mwenyewe akafa akiwa mfungwa katika Mnara wa London. Henry Tudor, wakati huo ana miaka 14, alitoroshwa na baba yake mdogo Jasper kupitia bandari ya Tenby, wakaangukia Brittany, nchi iliyojitawala kaskazini magharibi mwa Ufaransa ya leo. Kwa miaka 12 hakuwa tishio kwa mtu. Mtawala wa Brittany alimweka kama karata ya kuchezea na Uingereza.

Mambo yaligeuka 1483. Edward IV, mfalme wa ukoo wa York aliyempindua Henry VI, alifariki tarehe 9 Aprili akiacha wana wawili, wa miaka 12 na 9. Baba yao mdogo akadai kwamba ndoa ya wazazi wao haikuwa halali, na tarehe 6 Julai akavikwa taji kama Richard III. Watoto wale walikuwa katika Mnara wa London, na baada ya miezi michache hawakuonekana tena. Nani aliwaua haijathibitishwa hadi leo. Kisiasa ilitosha watu waamini wamekufa. Watumishi waaminifu wa Edward IV walitaka mtu wa kumng'oa Richard, na aliyekuwa nje ya mkono wake alikuwa Henry.

Siku ya Krismasi 1483, katika kanisa kuu la Rennes, Henry aliapa kumwoa Elizabeth wa York, binti mkubwa wa Edward IV. Kwa maoni yetu kiapo hicho kilimletea watu wengi kuliko damu yote ya Beaufort.

Alishindaje vita vya Bosworth dhidi ya Richard III wakati jeshi lake lilikuwa dogo?

Aliondoka Harfleur, Ufaransa, tarehe 1 Agosti 1485, akatua Mill Bay kusini magharibi mwa Wales jioni ya tarehe 7. Wengi wa watu wake walikuwa mamluki wa Kifaransa. Alipita Wales akikusanya watu, muhimu kuliko wote akiwa Rhys ap Thomas, kabaila wa Wales, na kufikia tarehe 22, siku ya vita, alikuwa na watu wanaokadiriwa 5,000. Richard alikuwa na karibu mara mbili ya hao. Pembeni walisimama ndugu wawili, Thomas na William Stanley, na askari wao. Thomas alikuwa baba wa kambo wa Henry, lakini Richard alikuwa amemshika mwanawe kama mateka, kwa hiyo hakusema yuko upande gani.

Henry hakuwahi kuongoza vita, na kwa busara hakujifanya. Alimwachia Earl wa Oxford, mpiganaji mzoefu. Oxford alifanya mambo mawili. Kwanza, alisogea huku kinamasi kikiwa upande wake wa kulia, ili adui asimzunguke. Pili, aliamuru askari asitoke zaidi ya futi kumi kutoka kwenye bendera ya kikosi chake. Jeshi dogo likitawanyika linamezwa, likibanana linakuwa mkuki. Kikosi cha mbele cha Richard kilikwama hapo, na kiongozi wake, Duke wa Norfolk, akauawa. Kikosi cha nyuma, chini ya Earl wa Northumberland, hakikupigana kabisa. Kama ni usaliti au uwanja ulimzuia, wanahistoria bado wanavutana.

Ndipo Richard alipomwona Henry akiwa na walinzi wachache, akaamua kummaliza mwenyewe kwa farasi. Usimcheke. Vita vilikuwa vimemkwamia, na Henry akifa basi yote yamekwisha. Alifika karibu kiasi cha kumuua mshika bendera wa Henry, William Brandon, na kumwangusha Sir John Cheyne, mtu wa mwili mkubwa. Hapo William Stanley akaingia upande wa Henry, Richard akasukumwa hadi kinamasini, akapoteza farasi. Mifupa yake, iliyofukuliwa Leicester mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari, ina majeraha 11, tisa yakiwa kichwani. Mawili makubwa yako chini ya fuvu kwa nyuma, alama ya mtu asiye tena na kofia ya chuma.

Ni kweli alirudisha nyuma tarehe ya kuanza utawala wake?

Kweli. Aliihesabu kuanzia 21 Agosti, siku moja kabla ya vita. Maana yake kila aliyempigania Richard tarehe 22, tena kwa amri ya mfalme aliyevikwa taji, aligeuka msaliti, na mali yake ikaweza kutaifishwa. Wabunge wenyewe walinung'unika: nani atamtumikia mfalme vitani kesho akijua mshindi anaweza kurudisha kalenda?

Utaratibu wake wa miezi ile unafaa kutazamwa hatua kwa hatua. Mara tu baada ya vita alituma watu Sheriff Hutton wamchukue Edward, Earl wa Warwick, mtoto wa miaka 10 na mpwa wa Richard, akafungiwa katika Mnara wa London. Tarehe 30 Oktoba akavikwa taji. Bunge likakutana 7 Novemba, yaani likamkuta ni mfalme tayari. Sheria waliyopitisha inasema taji liko kwake na kwa uzao wake, basi. Haielezi ni kwa haki gani, na hiyo ilikusudiwa. Arusi na Elizabeth ikafuata tarehe 18 Januari 1486, kwa kibali cha kanisa kwa kuwa walikuwa ndugu wa mbali. Angemwoa kwanza, watu wangesema anatawala kwa mgongo wa mke.

Hatari ilibaki kwenye tundu moja. Ili Elizabeth awe mke wa kufaa, ilibidi sheria ya Richard iliyowaita watoto wa Edward IV haramu ifutwe, na Henry akaamuru nakala zake ziteketezwe. Lakini ukimhalalisha dada umewahalalisha na kaka zake. Kama mmoja wao yu hai, mfalme ni yeye.

Wale waliojifanya wana wa kifalme walikuwa tishio kweli?

Wote wawili waliingia kwenye tundu hilo hilo la warithi waliofichika. Lambert Simnel, mtoto wa miaka kama 10, alipewa jina la yule Warwick aliyefungwa, akavikwa taji Dublin mwezi Mei 1487. Henry alimtoa Warwick halisi na kumpitisha mitaani London, haikusaidia. Mamluki kama 2,000 wa Kijerumani na Waairishi wengi walivuka bahari, wakapigwa Stoke tarehe 16 Juni. Simnel akasamehewa, akapelekwa jikoni kwa mfalme kuzungusha nyama motoni.

Perkin Warbeck, kijana wa Tournai, alidai kuwa yule mdogo kati ya wana wa Edward IV, na kwa miaka kama sita alipokelewa na watawala kadhaa, akiwemo James IV wa Scotland aliyemwoza ndugu yake. Kwa ajili yake hata William Stanley, mwokozi wa Bosworth, alikatwa kichwa mwaka 1495. Warbeck alinyongwa Novemba 1499, na siku chache baadaye Warwick akakatwa kichwa. Miaka 14 kifungoni, na kosa lake hasa lilikuwa kuzaliwa.

Mawaridi mekundu na meupe yalivaliwa vitani?

Waridi jeupe lilikuwa moja ya alama za York, lakini Richard III alitumia nguruwe mwitu mweupe. Waridi jekundu la Lancaster lilivuma zaidi baada ya 1485, Henry alipoyaunganisha mawili kuwa nembo ya ndoa yake. Ni matangazo ya mshindi.

Tumesikia aliwatawala makabaila kwa madeni. Mfumo ulifanyaje kazi?

Kabaila aliyeshukiwa alitia saini hati kwamba anadaiwa na mfalme, tuseme pauni 1,000. Chini yake kuna sharti: akitulia, deni linakufa. Marafiki zake nao walitia saini kama wadhamini. Akikosea, hakuna haja ya kesi ndefu ya uhaini. Deni limeiva, na wadhamini wanalipa pia. Hivyo kila rafiki wa kabaila anakuwa mlinzi wa mfalme bila mshahara.

Mfano bora ni Lord Bergavenny, mwaka 1507. Sheria ilikataza kuweka watu wenye sare zako bila kibali, faini pauni 5 kwa mtu kwa mwezi. Alikutwa na watu 471 kwa miezi 30. Piga hesabu: pauni 70,650, fedha ambazo hakuna kabaila angeweza kuzilipa. Mfalme akamkubalia pauni 5,000 kwa awamu za miaka 10, na lile deni kubwa likabaki kuning'inia.

Mfumo uliharibika baada ya 1502, Arthur, mrithi, alipofariki, na malkia akamfuata mwaka 1503. Ukoo ukabaki na mtoto mmoja wa kiume. Mfalme mgonjwa akazidisha hati, hata kwa watu wasio na kosa linaloeleweka. Alipofariki tarehe 21 Aprili 1509, mwanawe Henry VIII aliwakamata wasimamizi wa mfumo, Empson na Dudley, wakakatwa vichwa Agosti 1510. Akiwa kifungoni Dudley mwenyewe aliorodhesha watu waliotozwa kwa uonevu.

Nasoma Uingereza. Nikitaka kuyaona haya kwa macho, nianzie wapi?

Anza Leicester: kaburi la Richard limo ndani ya kanisa kuu, na mahali mifupa ilipopatikana pako jirani, ni mwendo mfupi wa miguu. Kituo cha kumbukumbu cha Bosworth kiko kilima cha Ambion, ila utafiti uliotangazwa 2009 ulionyesha vita vilipiganwa kama kilomita 3 kusini magharibi mwake, kwa kufuata risasi za mizinga za madini ya risasi na beji ya fedha yenye nguruwe mwitu. London, nenda Westminster Abbey: Henry na Elizabeth wamelala pamoja, sanamu za kaburi zikiwa kazi ya Mwitaliano Pietro Torrigiano. Ngome ya Pembroke, alikozaliwa Henry tarehe 28 Januari 1457, mama yake akiwa na miaka 13, iko mbali kabisa magharibi mwa Wales. Itengee safari yake peke yake, na uiunganishe na Mill Bay.