Uliza Bi Somoe: Nataka kumwona mjusi wa Tendaguru, lakini ni Januari

SWALI: Shikamoo Bi Somoe. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Lindi, kazi yangu iko Mtwara. Mungu akijalia, mwezi wa kwanza nakwenda Berlin kwa mafunzo ya wiki tatu. Marehemu babu alikuwa akitusimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi wa Wajerumani, akabeba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, kutoka Tendaguru mpaka bandarini Lindi. Nataka nikamwone. Siku yangu ya mapumziko ni Jumatatu. Wenzangu wananiambia niachane nayo, baridi ya huko ni kali mno na nitakachokikuta ni mifupa tu. Nifanyeje, na nikifika niangalie nini?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Nimeishi Berlin majira mawili ya baridi, na kila nilipokumbuka nyumbani nilikuwa navaa koti nakwenda kusimama mbele ya huyo mjusi. Wenzako hawajui wanachokizuia.

Tuanze na siku. Jumatatu wanafunga. Makumbusho yenyewe yanaitwa Museum für Naturkunde, yako mtaa wa Invalidenstraße. Jumanne hadi Ijumaa wanafungua saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi na Jumapili saa nne, na siku zote hizo wanafunga saa kumi na mbili jioni. Waombe mapema wanaowasimamia wakubadilishie siku. Ikishindikana, nenda Jumamosi na uvumilie msongamano wa familia zenye watoto. Treni ya chini ya ardhi ya U6 ina kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, huwezi kupotea.

Saa ya kwenda nayo ina maana yake. Januari, jua la Berlin linachomoza yapata saa mbili na robo na kuzama saa kumi na dakika chache, na siku nyingi hulioni kabisa, mbingu ni kijivu kutwa nzima. Ukumbi aliosimama mjusi una paa la kioo. Mwanga wa mchana ukimshukia unaona kila ufa na kila kovu la mfupa. Ikifika saa tisa na nusu mwanga umeshaanza kukimbia na taa ndizo zinazobaki, naye anageuka kivuli. Kwa hiyo fika kama saa tano, makundi ya wanafunzi yakikutangulia yaache yapite, halafu mwone yeye kwanza. Mengine yafuate.

Koti usinunue jipya. Karume pale Ilala makoti ya mtumba mazito yamejaa, na kwa joto letu hayagombewi. Chukua linalofika magotini, lenye kofia, na uhakikishe zipu inapanda mpaka shingoni. Ndani vaa nguo kadhaa nyepesi badala ya sweta moja nene, kwa sababu majengo yao yana joto na utatoka jasho. Makumbusho wana mahali pa kuacha makoti, liache hapo utembee huru. Miguu ndiyo ya kuangalia zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka na viatu vya soli laini, njia ikiwa imeganda barafu tangu usiku. Nikaanguka, kifundo cha mkono kikavimba wiki nzima. Tafuta buti lenye soli ya mpira yenye meno, na pita palipomwagwa changarawe. Mafuta ya mgando jipake usoni na midomoni kabla ya kutoka nje.

Sasa hilo la "mifupa tu".

Tendaguru unaijua, ile nchi ya Wamwera, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Wajerumani walipoanza kuchimba mwaka 1909, Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, na watu wa kusini walikuwa bado wanazika na wanashinda njaa. Katika hali hiyo ndipo watu wetu walipokwenda kushika majembe, na walifika mamia kwa msimu mmoja. Wataalamu waliotumwa walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini aliyesimamia machimbo siku hadi siku, aliyejua mfupa umelalaje kabla haujafukuliwa, alikuwa Boheti bin Amrani. Lishike jina hilo. Mwaka 2007 mmoja wa mijusi ya Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Kazi ilikwenda mpaka 1913. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu mpaka Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200, mwanangu. Hakukuwa na reli, hakukuwa na gari. Baba yake babu yako alikuwa katika msafara huo.

Ukiingia ukumbini, yule mrefu kuliko wote ndiye Giraffatitan brancai. Kimo chake ni mita 13.27, hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachompita kwa urefu. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, kisha akafumuliwa na kuungwa upya kwa namna aliyosimama sasa, watu wakamwona tena 2007. Macho yako yatapanda juu kichwani, ni kawaida. Lakini kichwa kile ni nakala. Wewe shusha macho uangalie miguu, maana sehemu kubwa ya miguu ni mifupa halisi. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele unazidi mita 2, mrefu kuliko mwanamume yeyote aliyeubeba. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nasimama. Nilikuwa najaribu kufikiria mzigo huo, hata ukiwa vipande vipande, juu ya bega la mtu aliyekula mara moja tangu jana.

Usimwache Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni, wala Dicraeosaurus. Nao ni wa kwetu.

Siku moja mtoto wa Kijerumani, hajafika miaka sita, alimuuliza mama yake mnyama huyu ametoka wapi. Mama akasoma kibao, akamjibu Tanzania. Nikajikaza na Kijerumani changu cha kuungaunga, nikawaambia nami nimetoka huko, na nikawatajia Lindi, na Boheti, na watu waliobeba. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mwanawe arudie jina: Boheti. Mtoto akarudia. Nilitoka pale theluji inaanguka na sikuisikia.

Pengine roho itakuuma ukijiuliza kwa nini yuko kule na si kwetu. Iache iume. Suala la kurudishwa kwake limeshazungumzwa mpaka bungeni. Wapo wanaosema tukimrudisha hatuna pa kumweka wala fedha za kumtunza. Mimi sikubaliani nao. Jengo hujengwa, na wataalamu husomeshwa. Mtoto wa Lindi hapaswi kutafuta viza ili aone kilichotoka kwenye udongo wa shamba la babu yake. Lakini hilo lisikuzuie kwenda, wewe uliyeipata nafasi.

Kabla hujasafiri nakuomba jambo moja. Nenda kwa wazee wa ukoo wenu, ulizia jina kamili la baba yake babu, na kijiji alichotoka. Liandike kwenye karatasi, liwe mfukoni siku hiyo. Wapagazi wale walikuwa wengi sana na majina yao karibu yote hayakuandikwa popote. Ukirudi Mtwara nitumie jina hilo. Nitalichapa katika safu hii, juu kabisa, kabla ya swali lolote.