Saizi ya fremu ya baiskeli kwa safari ndefu: usidanganyike na namba

Namba iliyobandikwa kwenye fremu ichukue kama dokezo tu. Sentimita 54 za mtengenezaji mmoja si 54 za mwingine: yupo anayepima bomba la kiti mpaka ncha yake, yupo anayeishia pale linapokutana na bomba la juu.

Anza na mguu. Vua viatu, egemea ukuta, nyayo ziachane sentimita 15 hivi. Bana kitabu kigumu mapajani, ukingo wake ukigusa ukuta, kivute juu kwa nguvu mpaka kikubane kama kiti, kisha mtu akupimie toka sakafuni hadi ukingo wa juu. Rudia mara tatu. Ukipata sentimita 80, zidisha kwa 0.883: juu ya kiti paanzie kama sentimita 70.6 kutoka katikati ya mhimili ulio chini ya fremu, unaozungusha mikono ya pedali. Ukisimama na viatu vyako, bomba la juu likiwa katikati ya miguu, baki na nafasi ya sentimita 3 hadi 5 chini ya msamba. Baiskeli yenye mzigo wa kilo 20 ikilala ghafla, nafasi hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Lakini kiti hupanda na kushuka kwa spana moja. Kinachotesa wageni ni umbali wa usukani. Fremu ikiwa ndefu mno, viwiko hunyooka, uzito wote huangukia viganjani, na baada ya saa chache kidole kidogo na cha pete hufa ganzi. Wengi hukimbilia kusogeza kiti mbele. Msifanye hivyo! Kiti hupangwa kwa ajili ya magoti. Ukikisogeza, maumivu yanahama tu. Badili shingo ya usukani, kile kipande kinachounganisha usukani na foki, iwe fupi kwa milimita 10 au 20. Ikibidi kupunguza 40, fremu hiyo si yako.

Kwa safari, usukani ulingane na kiti au uwe chini kidogo. Kwa hiyo usikubali bomba la foki, linalopanda ndani ya fremu hadi kwenye shingo ya usukani, likatwe kabla hujaendesha siku kadhaa, likishakatwa halirefuki.

Mwisho, funga mikoba ya nyuma na uzungushe pedali kinyumenyume: kisigino kisiguse mikoba. Sogeza pedali mbele, geuza usukani, uone kama ncha ya kiatu inagonga madigadi. Kwenye fremu ndogo yenye magurudumu makubwa hutokea sana, na watu wafupi huwa salama zaidi na magurudumu ya inchi 26.