Maswali ya Wasafiri: Miji Tisa kwa Siku Tano Toscana?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tumeweka akiba kwa miaka kadhaa ili tuitembelee Toscana, nchini Italia, kwa safari ya basi yenye kiongozi. Kampuni ya kwanza inaahidi miji tisa kwa siku tano: Pisa, Lucca, Florence, Volterra, San Gimignano, Siena, Pienza, Montepulciano na Arezzo. Ya pili inatoa miji minne tu kwa siku hizohizo, na bei yake imezidi kidogo. Mke wangu anaona hiyo ya pili ni hasara. Tuchague ipi?

JIBU: Chagueni ya pili, nami nitaeleza sababu ili mkeo naye aridhike. Umbali wenyewe si tatizo, kwani kutoka Florence hadi Siena ni takribani kilomita 70 tu. Kinachomaliza siku ni kusimama na kuondoka. Miji hiyo mingi imejengwa vilimani ndani ya kuta, na mabasi ya watalii huegeshwa nje ya malango; Siena ilianza kuyazuia magari katikati ya mji tangu miaka ya 1960. Kila kituo, kwa hiyo, kina kushuka, kutafuta choo, kupanda kwa miguu hadi langoni, kuhesabiana na kurudi kwa saa iliyopangwa, kwa sababu dereva naye anabanwa na sheria: Umoja wa Ulaya unamtaka apumzike dakika 45 baada ya kuendesha kwa saa nne na nusu, na kwa kawaida asiendeshe zaidi ya saa 9 kwa siku. Kituo kilichoandikwa saa mbili kinaweza kuwapa saa moja tu ya kuwa mjini.

Fikirini saa hiyo moja ikitumika Siena. Uwanja wa Piazza del Campo umeinama kama ganda la kombe, na sakafu yake ya matofali imegawanywa sehemu tisa kuwakumbuka Watu Tisa walioutawala mji huo kuanzia mwaka 1287 hadi 1355. Ndani ya jumba la serikali lililo upande wa chini wa uwanja, katika chumba walimokuwa wakikutana watawala hao, Ambrogio Lorenzetti alichora ukutani, mwaka 1338 na 1339, mji unaotawaliwa vizuri: mafundi wako juu ya jengo, watu wanacheza ngoma barabarani, na nje ya lango wakulima wanalima vilima bila hofu. Mkitoka hapo mkapanda basi kuelekea bonde la Val d'Orcia, mtaviona vilima vya namna ileile kwa macho yenu, kwa maana Siena ndiyo iliyoyapanga upya mashamba ya bonde lile katika karne ya 14 na ya 15, na UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2004. Safari iliyopangwa kwa utulivu huuunganisha mji na shamba namna hiyo. Aliyepita mbiombio huona uwanja, akapiga picha, akakimbilia basi, na vilima vikampita dirishani bila kujua vinahusiana vipi na mji alioutoka. Hilo ndilo ninaloliita hasara.

Isomeni ratiba neno kwa neno. Palipoandikwa kwamba "mtaona" kanisa kuu, mara nyingi maana yake ni kusimama nje. Ulizeni kwa maandishi ni wapi mtaingia na kama kiingilio kimelipwa. Ulizeni pia nani atakayewaeleza historia, maana kiongozi wa msafara anayesafiri nanyi si lazima awe mwongoza watalii mwenye leseni ya Italia, na mjini huyo wa pili ndiye mnayemhitaji. Mwisho, tazameni mtakapolala. Hoteli za kandokando ya barabara kuu huwa nafuu, lakini mimi ningeongeza fedha nilale walau usiku mmoja ndani ya ukuta wa San Gimignano, kwa kuwa wageni wa kutwa huondoka jioni, na minara 14 iliyosalia kati ya takribani 72 ya zamani hubaki na wenyeji na wachache waliolala pale.

SWALI: Mama yangu ana miaka 72 na magoti yanamsumbua. Je, nimpeleke katika safari ya namna hiyo?

JIBU: Mpeleke, ila uchague miji kwa ajili yake. Lucca iko tambarare, na juu ya ukuta wake, wenye mzunguko wa takribani kilomita 4, kuna njia pana yenye miti. Pienza, iliyoanza kujengwa upya mwaka 1459 kwa amri ya Papa Pius II aliyezaliwa hapo, ni ndogo na haina milima ya kumchosha. Siena ina ngazi za umeme kutoka baadhi ya maegesho ya chini. Montepulciano, kwa upande mwingine, ni mwinuko mtupu, na kuba la kanisa kuu la Florence lina ngazi 463 bila lifti, hivyo panga mapema aketi wapi wakati wengine wanapanda.

SWALI: Kampuni ikiifuta safari kwa sababu watu hawakutimia, tutarudishiwa fedha?

JIBU: Kwa safari ya kifurushi, yaani usafiri, malazi na huduma nyingine vikiuzwa pamoja, inayouzwa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, ndiyo, fedha zote, ndani ya siku 14. Idadi ya chini ya wasafiri lazima itajwe kwenye mkataba, na kwa safari ya siku mbili hadi sita kampuni inapaswa kukuarifu angalau siku 7 kabla ya kuondoka. Kwa safari inayozidi siku sita, angalau siku 20. Bei nayo ikipandishwa kwa zaidi ya asilimia 8, una haki ya kujitoa bila faini. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla hujathibitishiwa kwa maandishi kwamba idadi imetimia, kwa sababu tiketi uliyojinunulia mwenyewe haimo katika marejesho hayo.